Skrini Nyeusi ya Mushaki

"Fromage imeharibika. Fundi afike mbele ya saa sita."

Sauti iliyotoka katika redio ya Motorola ilikuwa ya Édouard, mkuu wa kikosi cha siri kilichowinda magendo ya madini. Kwa Mukandori, fundi wa kikosi hicho, fumbo lilikuwa wazi: fromage, yaani jibini, ilikuwa kompyuta ya Mushaki.

Alizima redio, akapanda pikipiki ya TVS nyuma ya dereva wake, Nzabandora, wakashika barabara ya Mushaki.

Siku nne zilizotangulia, Mama Falone, mwuza chakula wa Walikale aliyekisaidia kikosi kwa siri, aliingia katika ghala la wafanyamagendo akatoka na hati zao za mizigo chini ya sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Hakujua kwamba kamera ilimwona. Picha zilikwisha kupelekwa katika kompyuta ya nyumbani ya Papa Barthélemy, tajiri wa ng'ombe na malori, aliyekuwa kichwa cha magendo yale. Kisha, kabla mtu yeyote hajazitazama, skrini ikawa nyeusi.

Barthélemy alitafuta fundi. Édouard alihakikisha kwamba fundi huyo atakuwa Mukandori.

Iwapo skrini ingewaka na uso wa Falone ungalimo, Falone asingeliona jua la kesho.

"Weye njo fundi?" aliuliza Barthélemy mlangoni. Hakumpa mkono.

"Njo miye, Papa."

"Nilizani watatuma mwanaume."

"Wanaume walikuwa na kazi, Papa. Wakatuma mwenye anajua."

Sébastien, mlinzi mwenye bunduki, alicheka. Barthélemy alipomtazama, aliacha kucheka, akapekua begi la fundi: bisibisi, brashi, kifutio cha shule, nyaya. Hakugundua kwamba begi lilikuwa na vitako viwili, na nafasi ya siri katikati.

Walimwingiza katika chumba cha jibini. Magurudumu ya manjano ya jibini yalijipanga rafuni hadi darini. Kando ya ukuta palikuwa na pipa la maji ya chumvi. Hapo, juu ya meza fupi, ndipo ilipowekwa kompyuta. Karibu nayo alisimama Lorentz, mgeni aliyenunua mawe ya madini ya magendo, mwenye bastola ya Glock kiunoni na Kiswahili cha vitabuni.

"Dakika thelathini," alisema Lorentz. "Zikipita, nitaamini kwamba wewe si fundi."

"Na zisipopita, Bwana, tutaamini nini juu yako?"

Lorentz alitazama saa yake.

Mukandori alibonyeza kitufe. Feni ilizunguka. Mashine ililia: mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Skrini ilibaki nyeusi. Alibadilisha waya.

Nyeusi.

Alifungua ubavu wa mashine, akaichomoa kadi ya picha, kibao kinachopeleka picha kwenye skrini. Meno yake ya shaba yalikuwa yameota ukungu wa kijani.

"Papa, hii ordinatere," aliigusa kompyuta, "mulitia hapa tangu lini?"

"Tangu ilifika. Chumba hiki njo kiko na kufuli ya nguvu."

"Na chumvi ya fromage nayo inalala hapa. Inakula meno ya karti."

"Fromage iko hapa tangu wakati wa baba. Haiyakula muntu."

"Muntu hapana, Papa. Ni karti."

Mlango ulifunguliwa. Mama Adelaïde, mke wa Barthélemy, aliingia na gudulia la maziwa. Katika nyumba ile maziwa yalikuwa na heshima yake. Yakiletwa, wenyeji na wageni huketi, huvua kofia, na hawainuki mpaka gudulia liishe. Barthélemy aliketi. Sébastien aliegemeza bunduki ukutani, akaketi.

"Sinywi," alisema Lorentz.

Mama Adelaïde alirudisha kikombe polepole, kama mtu aliyetemewa mate.

"Anakataa maziwa ndani ya nyumba yangu," alisema Barthélemy, akitazama kikombe.

Mukandori, aliyehesabiwa mtu wa kazi na si mgeni, alikuwa amekwisha kupiga magoti nyuma ya mashine.

Kompyuta ile ilikuwa na tundu la pili la picha, lililoshikamana na ubao wake mkuu, ambalo halikuitegemea kadi. Alichomeka humo waya mwembamba uliotoka katika begi. Katika nafasi ya siri ya begi, kiskrini cha inchi saba kilingoja pamoja na kibodi ya ukubwa wa kiganja.

Aliwasha.

"Kwa nini unaiwasha bila kadi?" Lorentz alipiga hatua moja.

"Ninasikiliza. Sasa hailie. Mashini iko muzima; mugonjwa ni karti."

Lorentz alisikiliza. Jibu lilikuwa la kweli. Alirudi mahali pake.

Hapakuwa na neno la siri. Barthélemy aliamini kufuli ya mlango peke yake. Picha zilikuwamo, kila moja ikiitwa kwa tarehe na saa yake, na saa hiyo haikuandikwa popote pengine. Jumanne, saa kumi na dakika kumi alasiri: Falone, uso mzima, sufuria kichwani.

Alimfuta.

Jumanne, saa tatu asubuhi: Lorentz mwenyewe akitoka ghalani na bahasha ya kaki kwapani. Mukandori aliipa picha hiyo saa ya Falone. Kisha alisoma ratiba ya malori iliyokuwamo, akazima.

Gudulia liliisha.

Alisugua meno ya kadi kwa kifutio mpaka yakang'aa, akairudisha mahali pake, akabonyeza kitufe.

Mlio mmoja, mfupi. Skrini iliwaka.

Barthélemy aliwasukuma wote kando, akaitafuta Jumanne saa kumi, saa ambayo hati zake zilipotea ghalani. Alitazama kwa muda mrefu.

"Weye ulisema Jumanne saa sita ulikuwa umeshatoka Walikale," alimwambia Lorentz.

"Nilikuwa nimetoka," alisema Lorentz. "Picha hiyo ni ya asubuhi."

"Nasoma saa kumi."

"Huyu mwanamke ameichezea."

"Na nini? Ecran ilikuwa nyeusi mbele ya macho yako. Ulisimama hapa, ukakataa kuketi na siye, ukamuchunga."

Mkono wa Lorentz ulishuka kiunoni. Bunduki ya Sébastien ilifika kwanza.

"Fundi," alisema Barthélemy bila kugeuka, "toka."

Mukandori alikusanya bisibisi zake moja moja. Hakuacha hata moja.

Barabarani aliwasha redio.

"Malori mawili. Mawe chini ya fromage. Yatafika Sake saa saba."

"Na wenye nyumba?"

"Wanachungana wenyewe kwa bunduki. Tuma vijana, hakuna atakayetoka."

"Falone?"

"Mwambie kesho apike kama kawaida."

Saa saba na robo, kwenye kizuizi cha Sake, vijana wa Édouard waliteremsha magurudumu ya jibini, na chini yake wakakuta magunia ya mawe meusi. Redio ya Motorola iliarifu kwamba nyumba ya Mushaki imezingirwa, na Barthélemy, Lorentz na Sébastien wametiwa pingu katika chumba kimoja.

Juu ya pikipiki, Nzabandora aligeuza kichwa. "Dada, ile mashini ilipona kweli?"

Mukandori alifunga mkanda wa kofia yake ya pikipiki.

"Miye sifanyake kazi nusu," alisema. "Twende."