Skrini ya Marehemu Sasmita

Skrini ilikuwa na joto, na hakuna aliyekuwa ameiwasha. Wigati aliigusa kwa bahati tu, akipitisha kitambaa cha vumbi kwenye rafu ya vitu vya mitumba, na mkono ukamrudi wenyewe. Lilikuwa joto la paji la uso wa mtoto mwenye homa. Akaufuata waya kwa macho: umekunjwa, umefungwa kwa mpira, haujachomekwa popote. Akajiambia ni jua la dirishani. Nje mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi.

Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hapendi kujiuliza maswali. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akiuza kompyuta katika duka la Mzee Hendarto pale Yogyakarta, na kila mwaka wa masomo ulipoanza wanafunzi walimiminika mlangoni wakiwa wamechanganyikiwa. Anayesoma sheria alimpa laptopu nyepesi yenye betri ya kutwa nzima, akamkataza kulipia nguvu asizozihitaji. Wa usanifu wa majengo alimpeleka kwenye mashine nzito. Wapiga picha na wachoraji aliwaketisha mbele ya skrini, akawafungulia picha ya uso wa mtu, akawauliza, "Ngozi hii ni ya mtu aliye hai?" Wakisita, skrini haifai.

Ile yenye joto ilikuwa skrini ya kuchorea, pana, ya kuchorwa juu yake moja kwa moja kwa kalamu yake. Ililetwa na Mama Murtini, mjane wa Sasmita, mchoraji wa vitabu vya watoto. Hakutaka hata risiti.

"Alifia juu yake," alisema huku akitazama viatu vyake. "Ukurasa mmoja, miezi minne. Nikimwambia, baba, mbona ukurasa umekwisha, ananijibu, bado. Hata siku ile ya mwisho. Bado."

Wigati alimpa pole na chai, akaiweka skrini rafuni.

Wiki hiyo hiyo Yudho, fundi wa duka, alimfuata kaunta akiwa ameziba pua kwa kola. "Dada Wigati, nani anavuta sigara za karafuu humu ndani?"

"Hakuna anayevuta."

"Basi nusa hapo kwenye rafu. Juu karafuu, chini yake maji ya maua yaliyooza."

"Ni mvua, Yudho. Kila kitu kinanuka."

"Mvua gani inayokwaruza?" Akashusha sauti. "Jana adhuhuri, nyie mmeenda kuswali, mimi nimebaki nakula. Nikasikia kalamu inakwaruza kioo. Polepole, kama mtu anachora nywele. Nikaifungua skrini nzima, dada. Sijaona kitu. Nilipoifunga, ikanong'ona."

"Ikasema nini?"

Yudho akatazama mlangoni kwanza. "Bado."

Wigati alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Tangu siku ile alipita upande mwingine wa duka, hata akihitaji kitu cha rafu hiyo alimtuma mwenzake. Alijua. Hakusema kwamba anajua, lakini alijua.

Ndipo akaja Danastri, binti mwembamba wa mwaka wa mwisho, anayesomea filamu za katuni, koti la mvua likimchuruzika hadi sakafuni. Kazi yake ya kuhitimu ilikuwa filamu ya dakika nne, na skrini yake ndogo ilikuwa imekufa. Wigati alimtolea nyingine, ya wastani, yenye rangi za kuaminika. Binti akaitazama, kisha macho yake yakavuka bega la Wigati.

"Na ile, dada?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema hapana. Angeweza kusema imeshawekewa oda, imeharibika, si ya kuuzwa. Miguu ilikuwa ikimuuma, foleni ilikuwa imefika barabarani, na rohoni alitaka kitu kimoja tu: kile kitu kitoke machoni pake.

"Ile ni nzuri," alisema. "Rangi zake hazina mfano."

Usiku huo alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Wiki tatu baadaye alikuja mama mwenye nyumba ya kupanga, mwanamke mnene mwenye kuhema, ameshika karatasi ya dhamana ya duka.

"Wewe ndiye uliyemuuzia mpangaji wangu kile kidudu?"

"Kimeharibika, mama?"

"Aliyeharibika ni mtoto! Hali, haogi, halali. Nimempelekea wali na fenesi la kupikwa, kesho yake naukuta na funza. Nikimgusa hanisikii. Mchana kutwa ni kwaru, kwaru, kwaru."

Wigati alivua kitambulisho cha kazi, akakiacha kaunta.

Mlango wa chumba cha Danastri ulikuwa wazi, na ilikuwa saa tisa alasiri, kweupe, watoto wakipiga mpira uchochoroni, lakini Wigati alipokanyaga ndani harufu ya karafuu ilimpokea kama mwenyeji anayemfahamu, na chini yake ile ya maji ya maua yaliyooza, na katikati ya harufu hizo alikuwa ameketi Danastri, mgongo umepinda, midomo imepasuka, vidole vimefungwa vitambaa vilivyoloa damu, anachora mkono mmoja wa mtoto wa katuni, mkono mzuri kuliko mikono yote aliyowahi Wigati kuiona kwenye kioo, akiufuta na kuuchora tena, akiufuta na kuuchora tena, na kila alipoinua kalamu ilisikika sauti iliyochoka, ya karibu, iliyotoka kwenye kioo au kooni mwake, haikujulikana, ikisema bado, na kalamu ikashuka.

Wigati akachomoa waya ukutani. Skrini haikuzimika.

"Danastri. Mdogo wangu. Inatosha sasa."

Binti hakugeuka. "Bado kidogo, dada," alisema kwa upole sana, na upole ule ndio uliomtoa Wigati mbio hadi nje.

Bibi Karsinah, mkandaji wa wanawake waliojifungua na watoto wachanga huko Imogiri, hakupenda kuitwa kwa mambo ya majini. Alipanda pikipiki ya Yudho akilalamikia magoti yake njia nzima, mapajani ameshika fungu la majani ya mlonge na mfuko wa chumvi. Walifika magharibi ikiingia. Aliketi nyuma ya binti, akasoma Ayatul Kursi mara saba bila haraka, akimpiga taratibu mabegani kwa mlonge. Chumvi akaizungushia miguu ya meza. Skrini ikafifia, ikarudi.

"Unataka nini kwa mtoto wa watu?"

Danastri akafumbua mdomo, ikatoka sauti isiyo yake. "Amalize."

"Na akimaliza?"

"Bado."

Bibi akashusha pumzi. Akamgeukia Wigati kama mtu anayeshangaa kwa nini bado anasumbuliwa. "Huyu kakaribishwa. Kuna aliyemfungulia mlango akijua. Na aseme, nipate kuondoka, magoti yananiua."

Kalamu ikasimama hewani. Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni. Yudho alikuwa akitazama sakafu.

"Nilijua," alisema Wigati. "Nilijua ina kitu. Nilisikia joto lake, nikanusa harufu yake, Yudho akaniambia. Nikamuuzia mtoto huyu kwa sababu nilichoka nayo. Nimekosa mimi, si yeye. Toka kwake."

Kalamu ikaanguka. Taa ya skrini ikazimika kama jicho linalofumba, na Danastri akadondokea kifuani pa bibi, mwepesi kama nguo.

Waliifunga skrini kwa kitambaa cheupe pamoja na chumvi na mlonge, na Yudho na bibi wakaenda kuizika kando ya mto Opak, mahali ambapo bibi alipachagua mwenyewe. Wigati alibaki. Binti alilala siku mbili; alimpa maji kwa kijiko, akambadilishia vitambaa vya vidole. Alimpigia Mzee Hendarto kumwambia harudi kazini, na hakueleza zaidi.

Asubuhi ya tatu Danastri alifumbua macho. Yalikuwa macho ya binti wa miaka ishirini na mbili, safi, yenye njaa. Alikunywa uji bakuli zima. Wigati, akilia, alimweleza jinsi alivyomuuzia akijua, akamwomba radhi.

"Usilie, dada," alisema binti, akimpangusa shavu kwa mkono wenye bandeji. Akatazama meza tupu. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia ndala zake.

"Mmeizika wapi?"

Hakuna aliyemwambia kwamba imezikwa.

"Tumeichoma moto," alisema Wigati. Akainuka, akafunga mlango kwa ndani, akaketi mbele yake.