Nilimlea Ndugu Yangu, Akawaambia Wapiga Kura Kwamba Yeye Ndiye Aliyenilea

Nina miaka arobaini na miwili. Sina mume, na tumbo langu halijawahi kuzaa, lakini nimelea watoto wawili tangu nikiwa mtoto mwenyewe. Naandika haya nikiwa Dubai, katika chumba cha wanawake sita mtaa wa Naif, nikiwa na uchungu ambao sijui nimpe nani. Wasomaji wenzangu, naomba mnisikilize hadi mwisho, kisha mniambie: nilikosea wapi?

Wazazi wetu walikufa pamoja katika ajali ya barabarani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, ndugu yangu Mugendi alikuwa na kumi, na Wawira, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa bado ananyonya. Baba mdogo alitaka tugawanywe, kila mtu kwa jamaa yake. Nilikataa! Niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikaanza kufua nguo za walimu wa shule zote mbili za mji wetu. Nilifua, nikapiga pasi ya makaa, nikapeleka nyumba kwa nyumba, Wawira akiwa mgongoni. Kwa nguo hizo Mugendi alisoma. Kwa nguo hizo Wawira alikunywa uji.

Wawira alipoanza kusema, aliniita Mama. Nilimfundisha kuniita Dada, kwa heshima ya marehemu. Hakukubali hadi alipoanza shule.

Mugendi alipomaliza chuo nilikuja huku kutafuta riziki, nikimsomesha Wawira kutoka mbali. Ninafunga mizigo katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Kazi ni ya kusimama mchana kutwa, lakini sikulalamika. Ndugu yangu alikuwa anapanda! Akawa mwenyekiti wa bodi ya mji wetu, cheo ambacho watu wa kwetu, kwa mazoea ya zamani, bado hukiita umeya. Alitengeneza mitaro, akaweka taa sokoni, akawajengea akina mama wa mboga paa. Niliwaonyesha wenzangu picha zake hadi wakachoka.

"Mwenzangu, huyo meya wako tumeshamjua hadi viatu," alikuwa akinitania Mama Zuhura, mama wa Tanga anayelala kitanda kilicho chini ya changu.

Kisha mji ukawa mdogo kwake. Mugendi akatangaza kwamba anagombea ugavana wa kaunti nzima.

Sasa elewa jambo hili. Mjini kwetu kila mtu anajua sisi ni nani. Lakini kaunti ni kubwa, na huko mbali watu wanakujua kwa maneno unayowaambia wewe mwenyewe tu...

Siku moja ya mapumziko, tukiwa tunapika, Mama Zuhura aliniita haraka nije nione simu yake. Alikuwa ni Mugendi, juu ya gari la kampeni, mbele ya watu wasiohesabika. Aliinua mikono juu akapaza sauti: "Mimi ni yatima! Nilifua nguo za walimu kwa mikono hii ili dada zangu wawili wale!"

Watu walishangilia. Wanawake walikuwa wakifuta machozi.

Mama Zuhura aliangalia simu, akaniangalia mimi, akacheka hadi mwiko ukamponyoka. "Hee! Huyu si ndiye uliyesema hata soksi zake ulimfulia wewe?"

Mimi pia nilicheka. Ndiyo, nilicheka! Nilidhani ulimi umemteleza kwa joto la kampeni. Nilimpigia.

"Dada, tulia basi," aliniambia. "Sijadanganya, nimefupisha tu. Watu wakisikia nililelewa na msichana, wataniona mtu wa kubebwa. Wakisikia nililea, wataniona kiongozi. Kwani wewe unapungukiwa nini?"

Kweli, nilipungukiwa nini? Nani ananijua huko?

Baada ya siku chache alinipigia tena, sauti yake imenyenyekea. Wapinzani walikuwa wameanza kuuliza maswali. Alitaka nijirekodi kwa simu, nikiwa na sare ya kazi, niseme kwamba yeye ndiye aliyetulea. Maneno machache tu. Aliniambia nikikataa, mimi ndiye nitakuwa nimemwangusha, baada ya kumbeba miaka yote hiyo.

Mama Zuhura alinisikia nikifanya mazoezi ya maneno yale, akazima jiko. "Mie siasa za kwenu sizijui. Lakini umama hauazimwi kama chumvi, shoga. Ukimpa leo, kesho utamdai vipi?"

Nilimjibu kwamba damu ni damu. Nikasimama ukutani, nikatabasamu, nikasema: "Mheshimiwa ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu. Mungu ambariki." Nikatuma.

Ee Mungu wangu! Laiti ningejua...

Wakati huo huo Wawira alipata mchumba. Kwetu, siku ya mahari, upande wa kijana huleta blanketi la mama. Mama wa binti huitwa kwa jina mbele ya watu, husimama, hufunikwa blanketi lile mabegani, na yeye ndiye husema, "Nimewapa mtoto." Kama mama hayupo duniani, huitwa yule aliyemlea. Tangu akiwa msichana mdogo Wawira alikuwa akiniahidi: "Dada, siku yangu, blanketi ni lako."

Wasomaji, sikuwahi kuolewa. Sikuwahi kuitwa mbele ya watu kwa jambo lolote. Siku hiyo moja ndiyo niliyoisubiri maishani!

Niliomba likizo. Msimamizi wetu, Mhindi mkali kwelikweli, aliposikia ninakwenda kumwozesha mtoto niliyemlea, aliniambia, "Khalas, sister, go. Mother must go." Yaani basi, nenda, mama lazima aende. Nilishona gauni la buluu kwa fundi wa hapa hapa Naif. Chumba kizima kilinipigia vigelegele nilipolijaribu.

Ndipo Mugendi akapiga. Alisema mahari ya Wawira itakuwa na wageni wakubwa wa kaunti, na waandishi wa habari watakuwepo. "Ukisimama kwenye blanketi, Dada, watauliza. Njoo baada ya kura."

Nikamwambia hapana! Nilimpa jina langu, nilimpa jasho langu, lakini hili sitoi.

Alikata simu. Saa hiyo hiyo akapiga baba mdogo, yule yule aliyetaka kutugawa kama mbuzi wa marehemu. Sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mahari. Alizungumza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Binti yangu, sisi wazee hatuna ugomvi na wewe. Lakini video tumeiona, na wakwe wameiona. Umesema mwenyewe kwa kinywa chako kwamba Mugendi ndiye aliyelea. Sasa blanketi la mama litakwenda kwa mkewe. Au unataka tuwaambie wakwe kwamba familia yetu ni ya waongo?"

Ningesema nini? Shahidi wao alikuwa mimi!

Hata hivyo nilikuwa bado nimeamua kwenda. Ningefika, ningesimama, na anayetaka kunivuta nikae aje anivute. Kilichonivunja ni Wawira. Alinipigia akilia hadi maneno yakawa hayasikiki vizuri. Mchumba wake alikuwa ameahidiwa kazi kaunti kama Mugendi angeshinda. Aliniambia, "Dada, naomba usije... Ukija kutakuwa na vita, na siku yangu itaharibika. Nakuomba..."

Mtoto niliyembeba mgongoni!

Sikumgombeza. Nilimwambia sawa, mwanangu.

Siku ya mahari niliona yote kwenye simu, nimevaa gauni langu la buluu kitandani. Mwenye kipaza sauti aliita, "Mama aliyemlea!" Akasimama mke wa Mugendi, aliyeingia kwetu Wawira akiwa tayari ameota matiti. Wakamfunika blanketi. Wawira alikuwa akiangalia chini. Mama Zuhura alinishika mkono, na hakuwa na mzaha wowote.

Je, Mugendi alishinda? Huko mbali walimpigia kura nyingi. Lakini mkutano wake wa mwisho ulikuwa mjini kwetu, na alipoinua mikono yake kama alivyozoea, watu walinyamaza. Kisha mwalimu mmoja mzee, mama mstaafu, akapaza sauti kutoka nyuma: "Mheshimiwa, nguo zetu ulizifua lini? Mbona aliyekuwa akizileta alivaa sketi?"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mji aliouwekea taa ulimkataa, na kwa kura za mji huo akaanguka.

Alinipigia akifoka: "Umewaambia nini watu wa mji?" Sikuwa nimesema neno. Sikuwahi kusema neno, ndiyo iliyokuwa shida yangu! Tangu hapo hazungumzi nami. Mume wa Wawira hakupata kazi.

Juzi Wawira alinipigia akiomba msamaha. Akasema amezungumza na wifi, na blanketi litatumwa huku kwa mtu anayekuja Dubai. Nilimsamehe, ni mtoto wangu. Lakini nilimwambia asilitume. Mablanketi yamejaa Naif, yako chini tu ya dirisha letu, wafanyabiashara wa kwetu huyabeba kwa marobota. Mimi sikutaka blanketi. Nilitaka kuitwa.

Ndugu zangu, na hasa nyinyi vifungua mimba mlioachiwa wadogo: lea, lisha, somesha, na usichoke. Lakini mtu akikuomba useme kwamba hukuyafanya uliyoyafanya, hata akiwa wa tumbo moja nawe, mnyime! Mkosane leo, mpatane kesho. Mimi niliogopa kukosana naye siku moja, na mtoto wangu ameozwa na mtu mwingine. Siku ile hairudi.