Fundi, Ulifuta?

Masikio yangu ndiyo yaliyoniponza, sikatai.

Mwaka 1949 Msomali mmoja, Korane, alinitoa Lamu nimtengenezee upya nyumba ya marehemu baba yake, ng'ambo ya Mto Tana kutoka Garissa. Jumba la ghorofa, boriti zake zilibebwa na ngamia kutoka pwani. Lilihamwa baada ya kaka zake watatu kukutwa humo na shingo zimevunjika, mmoja baada ya mwingine. Korane ndiye aliyebaki, naye alitaka kuolea humo Ijumaa.

Mama yake, Raho, alinitania kutwa. "Fundi, wewe mfifu!" Alimaanisha mvivu, V iliwashinda yeye na mwanawe. Nami nilimcheka bila haya.

Jumatano, magharibi ikikaribia, alinionyesha msumari mrefu juu ya mlango wa ukumbi. Ulikuwa umegandwa na damu kavu.

"Shehe alipigilia," akanong'ona. "Fundi, usifute. Hata siku moja."

"Sifuti, mama."

Akaenda kutawadha. Mimi nami chokaa yangu ilikuwa inakauka, na msumari umenizibia njia. Nikauzungushia kitambaa, taratibu, ile damu isifutike hata chembe. Nikauvuta. Ukatoka.

Tundu likapumua...

Hewa ya moto. Harufu ya machinjioni.

Korane alikuwa amesimama chini ya mlango, ameshika taa. Kitu kikamnyakua kwa nywele, kikambamiza ukutani. Pu! Tena. Pu! Meno yakatapakaa sakafuni. Ukuta ukaanza kummeza kuanzia bega, mifupa ikialika.

"Fundi, futa!" akalia. "Futa mimi! Futa!"

Nami, Mungu anisamehe, nikakitazama kitambaa mkononi.

Nifute nini?

Halafu nikaelewa.

Vuta.

Nikairukia miguu yake, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Nikaanguka chali na kiatu kimoja kilichojaa damu. Ukuta ulikuwa mzima, chokaa imelainishwa kuliko nilivyoipaka mimi.

Nikatoka mbio. Raho akanidaka uani, mikono yake bado ina maji ya udhu.

"Korane yuko wapi? Fundi, ulifuta?"

Niliogopa. Wallahi, niliogopa.

"Sikufuta, mama."

"Alhamdulillahi!" Akashusha pumzi. "Basi hakuna kitu huko."

Akaingia ndani akimwita mwanawe. Sikumzuia, na msumari ulikuwa kiganjani mwangu.