Wa Mwisho Aoshe Sufuria

"Maziwa yamechemka," simu ilisema.

"Yamemwagika?"

"Bado. Yako ukingoni."

Konokono aliweka kikombe mezani. Chai ilibaki nusu.

Jina hilo alipewa katika idara ya usalama mwaka wake wa kwanza, kwa kuwa hakuwahi kumkimbiza mtu. Alimsubiri. Wenzake walimcheka mwaka ule. Siku hizi hawamcheki.

Alishuka ngazi mbili mbili, akaingia kwenye Mark II yake kuukuu, akabonyeza redio ya Motorola. Saa nane na dakika kumi mchana. Jua kali, barabara nyeupe.

"Mkuu, nakusikia."

"Kisanduku kimetoka mjini," sauti ya Mkuu ilikuwa kavu. "Ndani yake kuna majina mia mbili na kumi. Kila aliyewahi kutunong'oneza jambo, na nyumba anayolala. Yakivuka daraja la mpakani, watu hao hawamalizi wiki."

"Nani anacho?"

"Yule mgeni, Miwani. Yumo kwenye gari la umeme. Zefira nyeupe, ya mbio." Mkuu alivuta pumzi. "Dereva unamjua."

Alimjua. Alimbeba mgongoni akiwa na miezi sita.

Alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Mtaani walimwita Radi.

"Askari wa darajani wameshaambiwa," Mkuu aliendelea. "Gari hilo likitokea, wapige. Sisemi tairi."

Konokono alishika usukani kwa mikono miwili. Gari lilikuwa bado limesimama.

"Funga barabara basi. Mkamateni njiani."

"Tulijaribu juma lililopita, umesahau? Waliona kizuizi kwa mbali, wakageuza, wakaingia njia za porini. Land Cruiser tatu zilikula vumbi. Leo Miwani ana bastola, na akibanwa ataanza na dereva."

Konokono aliwasha injini.

"Mkuu, niachie barabara mimi."

"Kwa gari hilo lako linalokohoa?"

"Niachie tu. Na kile kituo cha chaja, kilometa ya mia na thelathini na tano, kikatiwe umeme."

"Watashuku."

"Umeme ukikatika? Nani alishawahi kushuku?"

Mkuu alikaribia kucheka. "Kutoka taa za mwisho mpaka darajani ni kilometa mia na themanini. Ndizo zako. Ya mia na themanini na moja si yako tena."

Redio ikazima.

Konokono akachomeka kidude sikioni. Kikapasuka kelele kidogo, kisha sauti mbili zikaja wazi kabisa, kama watu walioketi kiti cha nyuma.

Kinasa sauti kilikuwa chini ya kiti cha Zefira. Kidogo kama punje ya hindi. Alikibandika mwenyewe, Jumapili, Radi alipowachukua yeye na mama yao kuwatembeza. Aliinama kumfunga mama mkanda, na mkono mwingine ukafanya kazi ya idara. Mama alikuwa ameukumbatia mkoba wake, akashangaa: "Mbona gari halipumui? Lina uhai kweli hili?" Radi alicheka mpaka machozi.

Konokono naye alicheka siku ile. Ndicho kilichomchoma sasa.

Radi alikuwa fundi wa kufunga chaja majumbani mwa wenye nazo. Akiwafungia, akiwajaribia magari yao. Walikuwa na kundi lao kwenye simu, Kimyakimya, na mchezo wao ulikuwa mmoja: kusimama kwenye taa kando ya gari la petroli, na taa ikiwaka kijani, kuliacha limeduwaa. Wakipiga picha za video. Wakichekana. Benzi, pikipiki kubwa, chochote chenye moshi. Radi ndiye aliyekuwa na mguu mwepesi kuliko wote, na ndiye pekee asiye na gari lake.

Miwani aliliona hilo. Akampa gari. "La kutangazia biashara," alimwambia.

Radi hakuuliza swali la pili.

"Asilimia sabini," sauti ya Radi ilisema sikioni. "Tunafika na ziada."

"Kwa nini si mia?" Kiswahili cha Miwani kilikuwa kimenyooka kama shati lililopigwa pasi.

"Asubuhi nilikuwa na vijana wawili wa BMW pale mzunguko wa soko. Walijileta wenyewe, mzee. Ningefanyaje?"

Konokono akafumba macho sekunde moja. Asilimia sabini. Gari lile likiendeshwa kwa adabu linafika na kubaki. Likiendeshwa kwa sifa, halifiki.

Na mdogo wake hakuzaliwa na adabu ya barabarani.

Akabonyeza redio. "Fundi, uko wapi?"

"Taa za mwisho, dada yangu." Fundi alikuwa makanika wa gereji ya idara, mzee mwenye Subaru iliyotoboka ekzosi kwa makusudi. "Nakiona hicho kijeneza cheupe kinakuja."

"Kichokoze."

"Nitashindwa vibaya."

"Ndiyo kazi yako leo. Shindwa. Shindwa kila kijiji mpaka nikwambie basi."

Fundi akaguna. "Miaka arobaini nimefundishwa kushinda. Haya."

Sikioni Konokono alisikia Subaru ikinguruma kando ya Zefira, mngurumo wa kutikisa vioo. Kisha sauti ya Fundi dirishani: "We kijana! Hiyo redio unayoendesha inatembea pia?"

"Usimjali," Miwani alisema.

"Mzee, ameliita gari redio."

"Nimesema usimjali."

Taa ikawaka kijani.

Hakukuwa na kelele. Upepo tu, kisha pumzi ya Miwani iliyokatika, kisha kicheko cha Radi.

"Umemwona? Hata gia ya pili hajaingiza!"

"Asilimia?"

"Sitini na saba. Kidogo tu."

Kidogo kidogo hujaza kibaba. Na kidogo kidogo hukimwaga.

Konokono akatia gia. Akashika njia kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumsalimia mgonjwa.

Barabara ile ilipita vijiji kumi na kimoja, na kila kijiji kilikuwa na matuta yake. Kwenye matuta magari yote ni ndugu. Zefira ilipopunguza, Fundi alifika nyuma, akawasha taa, akapiga honi, akaingiza pua. Zefira ikafyatuka. Kijiji kilichofuata, vilevile. Pale ambapo Fundi alichelewa, lori la mbao lilijaribu kupita, au basi la abiria. Radi hakumwachia yeyote.

Sitini.

Hamsini na moja.

Arobaini.

"Unapoteza," Miwani alisema. Sauti haikuwa na pasi tena.

"Mbele kuna chaja. Nimeifunga mimi mwenyewe. Dakika ishirini tunajaza."

Konokono aliuma mdomo. Kila tarakimu iliyoshuka ilikuwa ushindi wake, na kila moja ilimwogopesha. Chaji ikiishia mbali sana, Miwani angeona ametegwa, na aliye karibu na bastola yake ni mmoja tu. Ikidumu sana, lipo daraja.

Mama alikuwa amepika leo. Aliwaambia wote wawili waje jioni.

Kilometa ya mia na thelathini na tano, sikio lilijaa sauti ya kituo cha mafuta. Petroli ilikuwepo tele, na genereta dogo lilikuwa likiendesha pampu. Chaja ilisimama pembeni, imekufa.

"Umeme hakuna tangu saa tisa kasoro, kaka," mhudumu wa pampu alisema, na tabasamu lake lilisikika. "Nikutilie petroli? Au nikuitie watu wakusukume?"

"Hilo genereta je?"

"La pampu hili. Likikubeba wewe, litabeba nini tena?"

Wenye magari ya petroli walicheka pale kituoni. Wengi. Yawezekana wamo aliowaacha njiani.

Kisha mlango ulifungwa, na Miwani akaongea polepole.

"Asilimia ngapi?"

"Kumi na nne."

"Umbali?"

"Arobaini na tano. Tukienda hamsini kwa saa, bila kiyoyozi, tunafika."

Kitu cha chuma kiliguswa. Kli.

"Sasa utaendesha kama bibi harusi," Miwani alisema. "Akikupita mtu, akupite. Ukikanyaga tena, nakutoboa ubavu."

"Mzee... hicho kisanduku kina nini?"

"Sasa ndiyo unauliza?"

Zefira iliondoka polepole.

Konokono alikanyaga mafuta. Kwa mara ya kwanza siku ile, Mark II iliomboleza hadi mia na ishirini.

"Fundi, mpite."

Fundi alimpita. Alipiga honi, akatoa mkono, akaimba upuuzi. Sikioni hakuna kitu. Zefira iliendelea hamsini, kama ng'ombe anayerudi zizini.

"Amekataa, dada. Kijana ameokoka."

"Hajaokoka. Ana mtutu ubavuni. Endelea mbele, geuza baada ya kilima, unisubiri."

Zilibaki kilometa ishirini. Asilimia sita.

Kumi na mbili. Asilimia nne.

Konokono akaiona. Nyeupe, nzuri, inanyata. Mbele yake barabara ilishuka, kisha ikapanda kilima kirefu, na nyuma ya kilima lilikuwepo daraja.

"Konokono," redio ilisema. "Darajani wako tayari."

Akakanyaga mafuta.

Walipokuwa wadogo, mama aliwatuma dukani pamoja, na njia ya kurudi ilikuwa mbio. Sheria ilikuwa moja: wa mwisho aoshe sufuria. Dada akiwa mbele, hakugeuka nyuma. Alinyanyua mkono wa kulia juu, akazungusha ngumi hewani, kama mtu anayesugua masizi. Hapo Radi alipandwa na wazimu. Aliwahi kukimbia akaacha kiatu. Aliwahi kukimbia akamwaga mafuta ya taa yote.

Konokono akashusha kioo. Akahamia upande wa pili wa barabara. Akaipita Zefira bila kutazama ndani, akarudi mbele yake.

Akanyanyua mkono wa kulia nje ya dirisha. Akasugua sufuria.

Sikioni, upepo tu.

Kisha sauti ya mtoto mdogo ndani ya sauti ya mwanamume: "Dada?"

"Nani?" Miwani aliuliza.

"Shika mkanda, mzee."

"Nimekwambia uki..."

Zefira ilifyatuka kama kitu kilichotupwa. Ilimpita Konokono kwa upepo mmoja, ikaushika mlima, na kasi ikambana Miwani kitini, mkono, bastola na vyote. Mita mia. Mia tatu. Karibu na kilele ikapungua, kama wimbo unaosahauliwa maneno. Ikapiga kengele ndogo ya heshima. Ikasimama.

Kilometa tatu kabla ya daraja.

Konokono hakusimama. Alilipita lile gari lililokufa, akavuka kilele, akapotea machoni pao. Hapo akashika breki, akageuza, akarudi mpaka kileleni pua ikitazama walikotoka. Akazima injini. Akaliacha gari lishuke lenyewe.

Mark II ilishuka bila sauti. Kimyakimya.

"Toka!" Miwani alikuwa nje ya Zefira, kisanduku kwapani, bastola ikimwelekea Radi kifuani. "Tutatembea. Wewe mbele."

"Fundi," Konokono alinong'ona. "Piga kelele."

Toka nyuma ya kilima, Subaru ilinguruma kama simba mwenye jino bovu. Miwani akageuza kichwa na bastola juu kule kileleni. Akalitafuta gari lenye sauti.

Lisilo na sauti lilikuwa limeshamfikia. Mlango wa Mark II ulifunguka ukampiga ubavuni, akaanguka magoti, bastola ikateleza juu ya lami. Alipoinua uso, Glock, bastola ya Konokono, ilikuwa inchi mbili kutoka kwenye miwani yake.

"Lete hicho," alisema. "Taratibu. Mimi sina haraka."

Kisanduku kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni ya mche. Watu mia mbili na kumi.

Fundi alikuja akamfunga Miwani pingu. Konokono akabonyeza redio. "Mkuu, maziwa yameepuliwa. Waambie wa darajani washushe silaha. Hakuna gari linalokuja."

"Na dereva?"

Alimtazama. Radi alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, mikono juu ya magoti, kama walipokuwa wakisubiri kuchapwa.

"Dereva yupo."

Akamsogelea na pingu ya pili. Radi alinyoosha mikono kabla hajaambiwa.

"Ulijua betri itakwisha?" Konokono aliuliza.

"Zile chaja nafunga mimi, dada. Asilimia tatu kwenye mlima kama huu, nani hajui?" Akameza mate. "Niliuona mkono wako nikajua umekuja kunizuia. Nikakanyaga."

"Nitaiandika hivyo."

"Andika pia sikuuliza cha kisandukuni. Miezi mitano sikuuliza." Akatazama gari lake. "Umejuaje asilimia zangu lakini?"

Konokono alimfunga pingu. Radi alitazama kiti cha mbele, kile alichokalia mama. Akaelewa. Uso wake ukafunga kama duka.

"Jumapili," alisema. "Ukimfunga mama mkanda."

"Ndiyo."

"Haya."

Akainuka mwenyewe. Fundi alimchukua kwa mkono, kwa upole, akampeleka kwenye Subaru.

Simu ya Konokono ikalia. Hakuhitaji kutazama jina.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Chakula kinapoa huku. Mdogo wako simpati, uko naye?"

"Tulikuwa naye hapa."

"Mlikuwa mnakimbizana tena, nyie? Nawajua." Mama akacheka, kama alivyocheka mlangoni miaka yote ile. "Haya, nani kashinda leo?"

Konokono akavaa miwani ya jua. Akaanza kutembea kuelekea Mark II, bila haraka, huku nyuma yake gari jeupe likibaki katikati ya lami na magari ya petroli yakilizunguka moja moja.

"Sufuria nitaosha mimi, mama," alisema.

Akawasha injini. Iliwaka mara ya tatu.