Jino Lililokataa Kutoka

Lifti ya hospitali ilikwama kati ya ghorofa mbili, imejaa wagonjwa, wauguzi na msichana wa blauzi ya njano aliyekumbatia sinia la vichupa vya meno. Fundi alipofungua mlango, watu walimwagika nje. Msichana akabaki kwenye kona, anakagua vichupa.

"Dada, toka. Au nikufungie humo?"

"Ngoja. Nikiyachanganya haya nimekwisha."

"Meno ya nani yote hayo?"

"Ya watu. Shika hapa, la sivyo na yako yataingia."

Fundi akashika. Ovaroli yake ilinuka grisi, na alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Ndivyo walivyoanza.

Msichana alifanya kazi maabara ya meno. Alikata mizizi vipande vyembamba kuliko karatasi, akavibandika kwenye vioo ili wanafunzi waone kwa hadubini jinsi mzizi wa jino la utotoni unavyotofautiana na wa jino la ukubwani. Kazini mkono wake ulitulia. Nje ya kazi hakuwa na utulivu hata chembe. Mwanamume wake wa kwanza alikuwa amemficha kwamba ana mke, na tangu hapo simu ikiita bila kupokewa, alipiga tena na tena.

Asubuhi moja Fundi alikuja na shavu limevimba, akaweka kichupa mezani.

"Zawadi, mpenzi. Wameling'oa sasa hivi. Langu mwenyewe."

Alipoondoka, msichana alilinyanyua kwa koleo. Gego dogo, mizizi myembamba iliyotanuka. Jino la utotoni. Akapiga simu hata kabla hajakaa.

"Fundi, una mtoto?"

"Mtoto wa nani?"

"Nakuuliza wewe. Hili jino ni la mtoto."

"Limetoka mdomoni mwangu. Mpaka sasa natema damu."

"Meno nayaona kila siku. Usinifanye mjinga."

"Kama umeshahukumu, mpenzi, sina la kuongeza." Akakata.

Msichana akazunguka maabara, akafungua dirisha, akalifunga, akampigia mama yake.

"Mama, huyu naye ana mtoto wa siri."

"Nani kasema?"

"Jino."

"Umeliangalia kwenye hiyo mashine yako?"

"Umbo lake tu linatosha, mama."

"Meno ya watu baki unayakata kwanza ndipo unasema. La mwenzio unalisema kwanza. Nina sufuria motoni mimi. Likate."

Akalikata. Gundi ilichelewa kukauka, naye akatafuna kucha. Hatimaye akainamia hadubini.

Mtoto anapokaribia kung'oka jino, mzizi wake huwa umeliwa, maana jino jipya linalopanda kutoka chini huula mzizi wa lile la zamani hadi lilegee. Huu haukuwa umeliwa. Gamba gumu linalouzunguka lilikuwa nene, tabaka juu ya tabaka, na gamba hilo huongezeka polepole kadiri mtu anavyoishi. Vijitundu vya ndani, ambavyo kwa mtoto huwa wazi, kwenye ncha vilikuwa vimezibika. Jino lilikuwa la utotoni kweli, ila lilikuwa limezeekea mdomoni mwa mtu mzima.

Akatoka mbio na glavu zake mkononi. Alimkuta Fundi chini kabisa, kwenye chumba cha mitambo, anakaza nati kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

"Ni lako," alisema.

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Nilikukosea, nisamehe. Chini yake hakukuwa na jino la ukubwani, ndiyo maana lilibaki. Daktari hakukueleza?"

"Alieleza. Mdomo ulikuwa na ganzi, nikadhani na masikio." Akaweka spana chini, lakini hakusogea. "Siku nyingine utanikata na mimi uniangalie?"

"Siku nyingine nitakuuliza, halafu nitasikiliza jibu."

Fundi akapapasa pengo kwa ulimi.

"Kwa hiyo hapa hapataota kitu?"

"Hapaoti. Nitakuwa naliona hilo pengo kila ukicheka."

"Na kwa nini halikutoka miaka yote hiyo?"

"Halikusukumwa."

"Basi na wewe usinisukume, mpenzi. Nitakaa."

Msichana akavua glavu.

"Jumapili mama anapika," alisema. "Tafuna upande mwingine."