Ushungi wa Kuku Tunu

Sogeeni, watoto, sogeeni. Mmeketi? Haya, masikio huku.

Kulikuwa na msichana jina lake Somoe. Aliishi milimani, kwenye baridi ya kutetemesha meno. Aliishi na bibi yake, na bibi naye jina lake Somoe.

Somoe mdogo alikuwa na kuku wake, Tunu. Tunu alikuwa kuku wa kishungi. Manyoya yalimsimama kichwani, fufufu, utadhani ameamka sasa hivi.

Siku moja Bibi alimsuka Somoe tangu asubuhi. Akamfunga nywele juu, tayari kwenda harusini kesho. Kisha akamtandia kanga kichwani. Huo ni ushungi, akamwambia.

Somoe akauliza kwa nini unaitwa ushungi.

Bibi akagusa zile nywele zilizofungwa juu. "Hili ni shungi. Nguo ya kulifunika ndiyo ushungi. Tunu naye analo lake dogo, kishungi."

Jioni mvua ikaanza.

*Nyu nyu nyu, manyunyu nyu,*
*funika shungi lako juu!*

Kuku wakakimbilia bandani. Kwo kwo kwo! Somoe akawatazama mmoja mmoja. Tunu hayupo.

Giza likiingia, kicheche hupita, na kicheche hula kuku.

Somoe akatafuta kwenye migomba. Hayupo. Akatafuta kwenye mahindi. Hayupo.

"Kwooo," kikalia kitu nyuma ya kuni.

Alikuwa Tunu. Kishungi kimelowa chapachapa, kimemwangukia machoni. Akienda huku, anajigonga kwenye mti. Akienda kule, anajigonga kwenye jiwe. Maskini Tunu, haoni kitu.

"Kumbe wewe huna ushungi," Somoe akasema.

Akaziwaza nywele zake. Akaiwaza harusi. Halafu akaivua kanga. Akamfuta Tunu macho, akamfunika kichwa, akampakata kifuani. Mbio nyumbani!

*Nyu nyu nyu, manyunyu nyu,*
*funika shungi lako juu!*

Shungi la nani lililowa? La Somoe. Maji yakamtiririka mpaka puani.

Bibi alikuwa mlangoni. Somoe akainamisha kichwa. "Bibi, nimeliharibu shungi ulilonifunga."

Bibi akamtazama Somoe. Akamtazama Tunu, mdomo tu ukichungulia kwenye kanga. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Nywele tutasuka tena, somo yangu. Kicheche angemla Tunu, tungemsuka upya?"

Wakaota moto jikoni. Bibi akamfumua Somoe, akamkausha, akamsuka tena polepole. Tunu akalala kapuni, kishungi kikasimama tena, fufufu.

Bibi akamtandia Somoe kanga kavu. Tunu naye akapata kipande chake. Somoe akapiga miayo.

*Nyu nyu nyu,* mvua ikaimba nje.

Ndani mlikuwa na shungi la Bibi, shungi la Somoe, na kishungi cha Tunu. Yote makavu. Na wote usingizi, fofofo.