Begi la Imrani

Siku ya gulio Nyamongo, vumbi halichagui mtu. Rahima, binti wa mzee Shaaban muuza vitenge wa Tarime, alikuwa amevaa dera jipya la njano. Kijana mmoja akalikanyaga pindo, likachanika. Shati jeupe, viatu safi, na begi kalikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

Rahima aliliangalia begi kabla ya uso. Huku machimboni, anayekumbatia begi namna ile ni mnunuzi wa dhahabu, kabeba mzani wake. Mmoja wao alimchumbia dada yake, Zuleha. Dhahabu ilipokata akahama bila kuaga, akamwachia mimba.

"Samahani, dada. Nitalilipa."

"Pindo halilipwi, linashonwa."

"Basi twende wote kwa fundi, nikushikie mkoba."

"Shika kwanza hilo lako!"

Wakacheka. Huyo ndiye Imrani, na moyo wa Rahima ukamsaliti palepale.

Alijieleza kuwa ni mhandisi wa kompyuta wa kampuni kubwa ya nje, na kazi anaifanyia chumbani kwake Tarime. Mshahara unaingia mvua inyeshe isinyeshe, na bima imemtibia mama yake jicho moja huko Mugumu. Rahima alisikia, hakuamini. Mhandisi gani asiye na kofia ngumu?

Halafu ile simu! Wako hotelini wanakula ugali na sato, ikalia. Imrani akaruka na begi lake.

"Wapi tena, laazizi? Mawe ya dhahabu yametoka?"

"Mitambo imezima, na wiki hii zamu ni yangu. Nisipopokea ni kesi."

"Mitambo isiyoonekana! Fungua begi nione."

"Siwezi, mpenzi. Kompyuta ni ya kampuni. Nimesaini asiiguse mtu mwingine."

"Zuleha naye aliambiwa mzani ni wa bosi."

Wazee wa Imrani walikuwa waje na posa Ijumaa. Rahima akampigia simu.

"Usiwalete. Simtaki mwanamume mwenye begi lisilofunguka."

"Nikuambie nini uniamini?"

"Hakuna." Akakata, akalia mpaka kitenge alichokuwa anakikunja kikalowa. Alimpenda, na ndiyo maana aliogopa.

Ijumaa asubuhi Imrani akasimama mlangoni pa duka, shati halijapigwa pasi, begi linaning'inia kwenye kidole.

"Fungua," alisema, akimpa.

Rahima akapekua mpaka mifuko ya pembeni. Hamkuwa na kitu ila waya wa chaji.

"Kompyuta nimeirudisha. Wametuachisha kazi, watu elfu nzima kwa barua pepe moja. Bosi aliyekuwa ananisifu hata simu hakupiga. Jicho la pili la mama litasubiri."

Rahima alimkazia macho. Shaka haitoki kwa siku moja.

"Umekuja kumkopa baba?"

"Nimekuja kwako."

"Wenzako dhahabu ikikata, wanahama."

"Yangu imekata, Rahima, na miguu imenileta hapa."

 Rahima akalikunja lile begi, akalikunjua.

"Wazee wako wapi?"

"Nyumbani. Si ulinikataza kuwaleta?"

"Na wewe ukatii! Mengine yote nikikuambia hutii. Wapigie, waje baba akitoka msikitini."

Imrani akatoa simu, akapiga. Rahima akalichukua begi, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, kando ya mwavuli wa baba yake, akaliacha wazi.